Kale kamashini ka ku kidole hakanyonyake damu

Hapa Goma bado nasikia batu banasema kale kamashini banafungaka mugonjwa ku kidole mu reanimasyo kananyonya damu pole pole, juzi mama moja alikatosha ku kidole ya mutoto wake, roho iliniuma sana. Hakana sindano, kanapimaka tu oksijeni yenye iko mu damu. Fungua uangalie ndani: huku taa nyekundu na ingine yenye macho haionake, kule kajicho kenye kanapokea mwangaza kisha kupita mu nyama. Damu yenye oksijeni inameza ule mwangaza tofauti na damu yenye haina, ni vile kanahesabu asilimia ya oksijeni kila mara bila kukuchoma. Mujapani Takuo Aoyagi ndiye alifikiria hiyo njia, miaka ya 1970. Ikishuka chini ya 90 infirmiye anajua mbele midomo igeuke bluu, basi tafazali mukaache, rangi ya kucha tu ndio mutoshe.