Je, wajua? Kongo iko katika jumuiya nyingi, mbona pasipoti yake haifungui milango?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina viti vingi kwenye meza za Afrika. Iko SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, pamoja na Afrika Kusini, iko COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, pamoja na Misri, iko katika jumuiya ya Afrika ya Kati pamoja na Kamerun, iko CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, pamoja na Rwanda na Burundi, na tangu 2022 iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bado hujataja Umoja wa Afrika. Lakini ukifungua orodha zinazopanga pasipoti kwa idadi ya nchi ambazo mwenye nayo anaingia bila kuomba visa mapema, utaikuta ya Kongo karibu na mkia.

Hapa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo mpakani na Rwanda, maelezo ni mawili, na utayasikia popote watu wanapozungumzia safari. La kwanza: hatuna marafiki wa kweli, wakubwa wanatupa viti tu. La pili: sisi ni maskini, na maskini hapokelewi popote. Yote mawili yanaingia akilini haraka, na yote mawili yanavunjika ukiyapima kwa mifano ya nchi nyingine.

Tuanze na urafiki, maana ndio unaoaminiwa zaidi. Uturuki iliingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mwaka 1952, miaka mitatu tu baada ya muungano huo kuundwa, na ni miongoni mwa nchi zenye majeshi makubwa kabisa humo. Tangu 1996 ina umoja wa forodha na Ulaya, kwa hiyo friji iliyotengenezwa Uturuki inaingia Ujerumani bila ushuru. Dereva Mturuki wa lori lililobeba friji hiyo ndiye anayedaiwa visa.

Polandi nayo ilijiunga na NATO mwaka 1999, na mwaka 2003 ikapeleka askari wake Irak pamoja na Wamarekani. Hata hivyo Wapolandi waliendelea kupanga foleni ya visa kwenye ubalozi wa Marekani mpaka Novemba 2019. Miaka 20 ya kupigana upande mmoja haikuondoa foleni hiyo. Iliondolewa na hesabu: sheria ya Marekani inataka waombaji wanaokataliwa visa ya matembezi wawe chini ya asilimia 3, na mwaka ule ndipo Polandi iliposhuka chini ya kiwango. Bulgaria, mwanachama wa NATO tangu 2004 na wa Umoja wa Ulaya tangu 2007, iliendelea kubaki nje ya mlango huo wa kuingia Marekani bila visa.

Geuza mfano upande wa pili. Uswisi haimo NATO wala haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu 2008 imo katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, na raia wake wanatembea dunia karibu nzima. Singapore ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na pasipoti yake imeongoza mara kadhaa orodha ya Henley, moja ya zile zinazopanga pasipoti.

Huku kwetu mfano uko karibu zaidi. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo. Wengi walidhani kwamba kuanzia siku hiyo mtu atapanda basi hadi Nairobi bila visa. Haikuwa hivyo. Tanzania na Kongo zilifutiana visa mwaka 2023, na Kenya ikafuta ya kwake mwaka huohuo, kila moja kwa uamuzi wake yenyewe. Uanachama ulifungua mazungumzo tu. Na Juni 2022, mwezi mmoja kabla ya Kongo kuwa mwanachama kamili, baada ya askari Mkongomani kuuawa pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani hapa Goma, upande wa Rwanda, saa za kuvuka kati ya Goma na Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana nasi, zilipunguzwa, mpaka ukawa unafungwa saa tisa alasiri. Nchi mbili zilikuwa zinaingia nyumba moja huku mlango kati yao ukibanwa.

Basi umaskini? Qatar ni kati ya nchi zenye pato kubwa kabisa kwa kila mtu duniani, lakini raia wake akitaka kwenda Paris anaomba visa. Mmoldova, kutoka moja ya nchi maskini zaidi za Ulaya, anaingia Paris kwa siku 90 bila kuomba ruhusa ya mtu, na hali imekuwa hivyo tangu Aprili 2014. Fedha husaidia, hilo halina ubishi. Ila haitoshi, na wakati mwingine hata haihitajiki.

Kinachopimwa hasa tunakifahamu vizuri mitaani kwetu. Chukua mama mwenye duka dogo pale Birere, mtaa wa hapa Goma. Mtu amekuja kukopa kilo tatu za unga wa muhogo, atalipa mwisho wa mwezi. Wanaimba kwaya moja. Ni jambo jema, lakini silo analolipima mama yule kichwani. Anajiuliza: namjua huyu ni nani kwa hakika, au najua tu jina alilonitajia? Akichelewa nitampata wapi, na nani ataniletea deni langu? Na wale wa aveni yake, yaani barabara anayokaa, niliowakopesha mwezi uliopita, walirudi kulipa? Swali la mwisho ndilo chungu, kwa sababu halimhusu aliyesimama mbele yake. Kijana mwaminifu anayetoka aveni yenye sifa mbaya ataondoka bila unga kwa makosa ya watu ambao pengine hajawahi kuwaona. Na mgeni aliyevaa vizuri, asiyejulikana analala wapi, ataambiwa alipe taslimu.

Ofisa wa visa na serikali inayofikiria kufuta visa wanauliza maswali hayohayo. Kumjua mtu ni nani: je, pasipoti ya nchi hiyo inaaminika? Kumpata akichelewa: je, nchi yake itampokea tukimrudisha, au itasema hatumfahamu? Na wenzake wa aveni: waliokuja kabla yake walirudi kwao visa ilipokwisha?

Moldova ilijibu maswali hayo moja baada ya jingine kwa miaka kadhaa. Ilitoa pasipoti zenye chipu, ikatia saini mkataba wa kuwapokea watu wake wanaorudishwa, ikatengeneza ulinzi wa mipaka yake. Mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa kwa pasipoti mpya tu, na Mmoldova aliyebaki na kijitabu cha zamani kisicho na chipu aliendelea kudaiwa visa. Mfano wa kinyume ni Vanuatu, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Ulaya iliifutia visa mwaka 2015. Kwa kuwa Vanuatu ilikuwa inauza uraia kwa wageni, haikujulikana tena nani aliye nyuma ya jina lililo kwenye pasipoti. Ulaya ilisimamisha makubaliano mwaka 2022, na mwishoni mwa 2024 ikayafuta kabisa. Vanuatu haikugombana na Ulaya. Swali la kwanza tu lilikosa jibu.

Swali la tatu Marekani huliandika waziwazi. Tangazo la Juni 2025 lililozuia raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani liliitaja Kongo-Brazzaville, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, na kutoa sababu: karibu asilimia 30 ya waliopewa visa ya matembezi au biashara walipitisha muda wao. Hapa inafaa kwenda polepole. Nchi ambayo watu wake wanaosafiri ni wachache inaweza kupata asilimia kubwa kwa ajili ya watu wachache tu waliobaki, wakati nchi inayopeleka mamilioni inaweza kuwa na waliobaki wengi mara nyingi zaidi na asilimia yake ikawa ndogo. Hesabu ni ya kweli, ila si kipimo kizuri cha tabia ya taifa zima.

Sasa turudi kwenye pasipoti ya Kongo. Watu hushangaa: si tuna pasipoti ya kibayometria tangu 2015, iliyotozwa dola 185 ilipoanza, na malalamiko yakawa mengi? Ndiyo, tunayo. Lakini chipu inathibitisha kwamba kijitabu ni halali. Haiwezi kuthibitisha kwamba jina lililowekwa ndani yake ni la mtu huyo tangu alipozaliwa. Nguvu ya pasipoti inaanzia kwenye daftari la vizazi, inapita kwenye kitambulisho, ndipo inafika kwenye kijitabu. Sensa ya mwisho ya watu nchini ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi kitambulisho cha watu wengi kimekuwa kadi ya mpiga kura, ambayo ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Mnyororo umekatika mwanzoni, na dola 185 zililipwa kwenye pingili ya mwisho. Naamini hapa ndipo pa kuanzia kazi, kabla ya jumuiya nyingine yoyote kutiwa saini.

Ubora wa maisha unaingia wapi? Kipimo kinachotumika sana ni kile cha maendeleo ya binadamu ambacho shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, limekitoa tangu 1990. Kinachanganya mambo matatu: mtu anatarajiwa kuishi miaka mingapi, anasoma miaka mingapi, na pato lake ni kiasi gani. Norwe, Uswisi na Iceland hukaa juu, na pasipoti zao nazo ziko juu. Ni rahisi kusema maisha mazuri ndiyo yanayoleta pasipoti nzuri, lakini mifano ya Qatar na Moldova inatuzuia. Njia inayoeleweka zaidi ni hii: mwenye kazi, shule ya watoto na hospitali nyumbani kwake ana sababu ya kurudi, na anayepima visa anajua hivyo. Kwa upande wetu hesabu hiyo inauma. Vita viliingia ndani ya mji wa Goma Januari 2025, na kila habari ya vita ofisa wa visa anaisoma kama sababu ya mwombaji kutorudi. Kwa hiyo anayehitaji zaidi kutoka, hata kwa matibabu au masomo tu, ndiye anayekuta mlango mgumu zaidi. Visa ya Schengen inagharimu yuro 90 tangu Juni 2024, na ombi lako likikataliwa fedha hazirudishwi. Ombi lenyewe halipokelewi Goma. Ukienda Kinshasa kulipeleka, ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa.

Orodha za pasipoti zenyewe zina kasoro ambayo mtu wa Goma anaweza kuiona kuliko aliyezitunga. Zinahesabu milango, na kila mlango una uzito uleule. Kuingia Ufaransa bila visa ni pointi moja, na kuingia kisiwa kidogo cha Pasifiki ambacho hutakanyaga maishani ni pointi moja. Rwanda nayo ni moja. Lakini nenda Petite Barrière asubuhi ya siku ya kawaida. Kabla ya Ebola, Covid na vita kuvuruga utaratibu, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kwa siku. Mama mwenye beseni la nyanya kichwani anatoa kadi yake, anaandikiwa jetoni, kikaratasi cha kuvukia, anavuka, anauza, na jioni anaikabidhi jetoni akirudi. Hana pasipoti, pengine hatakuwa nayo kamwe. Uhuru wake wa kusafiri, anaoutumia kila siku, hauonekani kwenye orodha yoyote. Na msingi wake ni maswali ya mwenye duka: kadi inamtambulisha, Goma inajulikana ndiko anakolala, na wanaovuka asubuhi hurudi jioni.

CEPGL, iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976, iliusaidia uvukaji huo kwa vibali vyake. Jumuiya hiyo ililala tangu miaka ya 1990 na kufufuliwa 2007. Wakati imelala, watu waliendelea kuvuka.

Kwa Afrika nzima hali inaonekana katika tarehe mbili za mwaka 2018. Januari, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kutembea kwa uhuru barani. Machi, mjini Kigali, nchi 44 zilitia saini mkataba wa eneo huru la biashara. Mkataba wa bidhaa ulipata idadi ya nchi zilizohitajika ukaanza kutumika Mei 2019. Itifaki ya watu inahitaji nchi 15 ziiridhie, na miaka sita baadaye zilikuwa nne tu: Mali, Niger, São Tomé na Príncipe, na Rwanda. Kongo haikuwamo.