Karela si nyanya chungu

Wiki iliyopita nimelisikia tena kosa hilo la jina, Ngamiani, Tanga, mbele ya meza ya mboga. Mama mmoja kauliza, "Hiyo karela si ndiyo nyanya chungu ya Kihindi?" Kijana muuzaji akaitika, "Ndiyo hiyohiyo, mama." Jua lilikuwa la utosi, nikapita zangu.

Karela ni tunda la mmea utambaao, huliwa likiwa bichi: kijani, refurefu, ngozi ina vinundu kama mgongo wa mamba. Ukoo wake ni wa tango, boga, mumunye, dodoki na tikiti. Basi.

Nyanya chungu, yaani ngogwe, ni ukoo mwingine kabisa. Ndugu zake ni nyanya, biringanya na pilipili. Zipasue uone. Ngogwe imejaa vijimbegu bapa, vidogo. Karela ina nyama nyeupe kama sifongo na mbegu kubwa zinazohesabika. Ziache ziive: ngogwe inakuwa nyekundu, imekwisha. Karela inageuka rangi ya chungwa, inapasuka yenyewe pande tatu, na kila mbegu imevaa utando mwekundu, mtamu, ambao watoto huufyonza.

Kinachoponza ni hilo neno "chungu", kana kwamba uchungu ni ukoo. Shubiri ni chungu, mwarobaini ni mchungu, mbona hatuviiti nyanya? Tena jina tulikuwa nalo tayari. "Karela" ni neno la Kihindi, lenye mizizi katika Kisanskriti, likatufikia zima kama chapati na kachumbari. Wataalamu wa mimea nao huiita Momordica charantia, na hilo neno la mwanzo limetoka kwenye Kilatini cha "kuuma", maana kingo za mbegu zake zinaonekana kama zimeng'atwa. Nyanya imeingilia wapi?

Jikoni haina makuu. Ikate visahani, ipake chumvi, iache kama nusu saa, kamua yale maji, kisha kaanga na kitunguu na bizari. Wapo wanaotia ukwaju na sukari guru. Mimi naitaka iliyokaushwa hadi ilie kwenye meno. Ya rojo siiwezi.

Kwenye dawa ndiko kosa la jina linakouma. Jirani yangu, mgonjwa wa sukari, aliambiwa na shoga yake anywe juisi ya "nyanya chungu". Akasaga ngogwe wiki nzima, maskini, akizikunjia uso kila asubuhi. Nikacheka, kisha nikashukuru. Karela ina vitu vilivyoshusha sukari kwa wanyama wa maabara, lakini majaribio kwa binadamu hayajaafikiana, na ukiichanganya na vidonge sukari inaweza kuporomoka ukaanguka. Mjamzito huonywa asiitumie kama dawa. Mbegu zake zina kemikali iitwayo visini, na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi isiyo ngeni kwetu watu wa nchi za malaria, huenda ikampasulia chembe nyekundu za damu. Mboga ya sahani moja ni jambo jingine. Glasi kila asubuhi kamuulize daktari kwanza.

Jana nimerudi kwa yule kijana. Nimenunua karela nne, nikamwomba kalamu, na kwenye kile kipande chake cha boksi nikafuta "nyanya chungu ya Kihindi". Kaniuliza, "Sasa niandike nini, mzee?" Andika karela, mwanangu. Na ngogwe ziwekee fungu lake pale pembeni.