Mbuga ya Maji Hujengwa kwa Turubai

Jirani yangu hapa Lanet, Nakuru, mama wa umri wa mama yangu, aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu nianze kazi ya kusimika kambi za mahema: "Mwanangu, mtu mwenye akili zake atalipaje mamia ya dola kwa usiku mmoja ili alale ndani ya turubai, na nyumba za mawe zipo?" Nilimjibu, "Mama, kule tunakojenga, nyumba ya mawe haikai." Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika, kwa maana jibu lile lilihitaji maelezo ambayo hayamaliziki mlangoni. Ninayaandika hapa.

Mwezi wa Agosti nilikaa siku nne katika kambi ya mahema ya kifahari kwenye mbuga za Busanga, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Kafue nchini Zambia. Hifadhi hiyo ina takriban kilomita za mraba 22,400, na Busanga ni sehemu yake ndogo ya takriban kilomita za mraba 720. Mvua za huko huanza Novemba na kwisha mwezi wa Aprili. Mto Lufupa hufurika na kutandaza maji juu ya tambarare yote, na maji hayo huondoka polepole sana. Ndiyo sababu kambi nyingi za pale hufunguliwa Juni au Julai na kufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Tangu 2007 eneo hilo limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, orodha ileile ambayo Ziwa Nakuru letu liliingizwa mwaka 1990.

Lugha yetu ilikwisha kuieleza ardhi ya namna hii kabla ya wataalamu. Siku hizi tukisema mbuga tunafikiria hifadhi yenye lango na tiketi, lakini wakulima wa bara waliliita mbuga bonde tambarare lenye nyasi na udongo mweusi wa mfinyanzi, linalotuama maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mtu wa Ahero, katika uwanda wa Kano, haitaji kufundishwa habari hii. Udongo huo hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka, kwa hiyo sakafu ya saruji iliyomwagwa juu yake huinuliwa, hushushwa na kupasuliwa mwaka baada ya mwaka. Sisi wa Nakuru tumeona jambo jingine la jamii hiyohiyo: ziwa lilipoanza kupanda baada ya 2010, lilimeza lango kuu la hifadhi pamoja na ofisi zake, na migunga iliyokuwa ufukweni ikafia ndani ya maji ikiwa imesimama. Niliyatazama mapaa ya ofisi hizo wiki baada ya wiki, na ndipo nilipoacha kuliona turubai kama pambo la kuwafurahisha wageni.

Turubai la pamba lina tabia ambayo plastiki haina. Likilowa, nyuzi zake hufura na kuziba vitundu vilivyo kati yake, hivyo maji ya mvua huteleza nje badala ya kupenya. Likikauka, nyuzi hulegea na hema likapumua. Ndiyo maana hema jipya halipewi mgeni siku linapofika. Tunalisimika, tunalimwagia maji mpaka lilowe chapachapa, tunaliacha likauke, kisha tunarudia, ili uzi wa mishono ufure na kuziba matundu ya sindano. Kamba za katani nazo hufupika zikilowa, na mlinzi wa zamu asipozilegeza kabla ya mvua kubwa, zitang'oa vigingi au kupasua pindo.

Adui mkubwa wa hema, hata hivyo, ni ukungu unaoota kwenye turubai lenye unyevu, kuliko mvua. Nilipokuwa kijana kazini tulikunja mahema sita yakiwa na unyevu, kwa sababu lori lilikuwa likingoja, tukayaweka ghalani wiki kadhaa. Tulipoyafungua yalikuwa na madoa meusi, na turubai lilichanika kwa kuvutwa na vidole viwili tu. Lile lilikuwa kosa langu, kwa kuwa ndimi niliyetoa ruhusa. Tangu siku hiyo sikubali hema likunjwe kabla sijapitisha kiganja ndani ya pindo la chini na kwenye mishono ya pembeni, mahali ambapo unyevu hukawia kutoka hata jua likiwa kali. Katika kambi ya mbugani, ambako mahema hushushwa kila mwaka kabla ya mvua, kiganja hicho ndicho kinachoamua kama mgeni wa Juni ijayo atalala pakavu.

Kambi niliyokaa ilikuwa imesimama juu ya majukwaa ya mbao, yaliyounganishwa kwa njia za mbao zilizoinuliwa, kando ya kisiwa cha miti. Visiwa hivyo vingi vilianza kama vichuguu: mchwa hujenga, ndege huleta mbegu, mikuyu na mikindu huota mahali pasipofikiwa na mafuriko. Mgeni huona kitanda kipana, shuka nyeupe, meza ya kuandikia, bafu la maji moto na choo cha kuvuta, akadhani anasa ni hiyo. Mimi nilitazama chini. Kwenye ardhi oevu shimo la kina cha mkono mmoja linaweza kujaa maji lenyewe, kwa hiyo shimo la kawaida la kunyonya maji machafu halifanyi kazi. Uchafu ungerudi palepale wanapokunywa wanyama. Maji ya choo lazima yaingie katika tangi lililozibwa kabisa, na maji ya kuogea yachujwe kabla ya kuachiliwa. Kazi hiyo, pamoja na paneli za sola, dizeli ya pampu na kila nyanya inayoletwa kwa ndege ndogo au kwa gari katika barabara mbovu, ndiyo inayokula sehemu kubwa ya bei. Sisemi kwamba kila kambi inastahili bei yake. Nasema kwamba swali la kwanza la kuuliza unapolipa fedha nyingi namna hiyo ni maji machafu yanakwenda wapi, na meneja anayejua kazi yake hukupeleka kuona badala ya kukujibu kwa mdomo.

Usiku nililala kidogo, kwa furaha. Agosti bado kuna ubaridi alfajiri, na mhudumu alikuwa ameniwekea chupa ya maji moto miguuni. Mnamo saa nane kiboko alitoka majini akaja kula nyasi pembeni mwa jukwaa. Kati yake na mimi kulikuwa na neti na pindo la turubai. Nilisikia midomo ikikwanyua majani, kisha kimya cha pumzi moja, kisha tena. Mara mbao zikatetemeka kidogo aliposugua ubavu kwenye nguzo. Ukuta wa mawe ungeninyima saa nzima ile.

Kulipopambazuka ukungu mweupe ulifunika tambarare, na ndani yake makundi ya lechwe yalikuwa yakikimbia majini. Huyu ni swala mwekundu, mwenye kwato ndefu zinazotanuka, ambaye kwenye maji ya magoti huwaacha simba nyuma. Ndugu yake wa mbali tunaye hapa magharibi mwa Kenya: nzohe, mwenye kwato ndefu zaidi, anayelindwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, iliyoanzishwa 1974 na yenye takriban kilomita tatu za mraba tu. Nimewapeleka vijana wa mafunzo Saiwa mara kadhaa, wakae kimya juu ya minara ya mbao mpaka nzohe atokeze kichwa kwenye matete, kwa sababu anayemwelewa nzohe ataielewa Busanga. Simba wa Busanga nao wanajulikana kwa kupanda mikuyu. Tuliwakuta wawili wamejilaza juu ya tawi, miguu ikining'inia.

Kuna jambo linalonikera, nalo ni mahema ya jina tu. Nimelala mahali palipotangazwa kuwa kambi ya mahema, nikakuta sakafu ya zege, kuta za mawe hadi kifuani, na turubai limetandikwa juu kama kitambaa cha meza. Kwenye mlima wenye mwamba sina ugomvi nalo. Kwenye ardhi oevu ni kuidanganya ardhi na kumdanganya mgeni.

Siku ya kuondoka nilimwomba meneja anionyeshe mafuriko ya mwaka uliopita yalifika wapi. Alishuka ngazi, akapekua nyasi kwenye nguzo ya pembeni ya jukwaa langu, akanionyesha mstari wa matope yaliyokauka, wenye nyuzi za mizizi ya ndago zilizonata juu yake, usawa wa paja lake. Nilipima kwa mkono wangu. Kutoka mstari ule hadi chini ya mbao nilizolalia zilikuwa shibiri mbili na nusu.