Saratani ya ngozi haiishii kwenye ngozi

Katika makundi ya WhatsApp ya Moshi na Arusha kuna ujumbe unaorudi kila mara: saratani ya ngozi haiwapati watu weusi, na ikitokea huishia juu juu. Si kweli. Melanoma, mojawapo ya saratani hizo, kwa mtu mweusi hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, hivyo hudhaniwa ni jeraha la shambani. Ikicheleweshwa, seli zake huweza kusafiri hadi kwenye ini. Ini likishindwa kazi, macho huwa ya manjano na tumbo huweza kujaa maji. Hapo lawama huangukia mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, hata kwa asiyeinywa.

Ukiona doa jeusi linalokua au kidonda cha unyayo kisichopona, nenda hospitali. Kinyama kidogo hukatwa na kupimwa maabara. Ujumbe ule wa WhatsApp tafadhali usiusambaze.