Mnara wa Askari na Majina Yasiyoandikwa

Ukishuka Posta jijini Dar es Salaam na kufuata Barabara ya Samora, utamkuta amesimama katikati ya mzunguko: askari wa Kiafrika wa shaba nyeusi, ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekezwa upande wa bandari. Wengi wetu tunamtumia kuelekezana njia. "Nisubiri pale Askari." Ni wachache wanaosogea kusoma maandishi yaliyo chini ya miguu yake, na sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi historia tunapoongoza wageni pale huanzia hapohapo, kwenye maandishi.

Sanamu hii ilizinduliwa mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza. Ilichongwa na James Alexander Stevenson, ambaye pia alitengeneza minara ya aina hiyo ya Nairobi na Mombasa. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mahali pale sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, nayo ikaondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Maandishi yamewekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, maana wasomaji wengi wa pwani enzi hizo walisoma za Kiarabu.

Yanasema, kwa maana yake, kwamba mnara ni ukumbusho wa askari wenyeji waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wote waliokufa kwa kumtumikia mfalme na nchi yao. Kisha inakuja ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Zunguka mnara wote. Hutaona jina hata moja.

Hilo halikutokana na kusahau. Kule Ulaya, tume ya Waingereza iliyoshughulikia makaburi ya vita ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa ataandikwa jina lake, awe jenerali au askari wa kawaida. Kwa Waafrika wa huku kanuni hiyo haikufuatwa. Maofisa waliona minara michache ya jumla inatosha, na mmoja wao aliandika kwamba kuwawekea wenyeji mawe ya makaburi kungekuwa kupoteza fedha za umma. Makaburi mengi yaliachwa porini mpaka yakapotea.

Waliopotea zaidi ni wapagazi. Magari yalikwama kwenye matope, farasi na ng'ombe wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o, basi jeshi likategemea vichwa na mabega ya watu. Walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na vyakula kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wanaokadiriwa kufikia 95,000 au zaidi, na risasi haikuwa muuaji wao mkuu. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi hicho cha wabebaji, na Nairobi nao wana Kariokor yao. Ninaamini soko lile limewakumbusha watu kuhusu wapagazi kuliko mnara wenyewe, ingawa wanunuzi wengi hawajui chanzo cha jina.

Tena mnara unamtaja mfalme mmoja tu, yule wa Waingereza. Waliobeba mizigo na kupigana upande wa Wajerumani chini ya kamanda wao, Lettow-Vorbeck, walitoka katika vijiji hivihivi, pengine katika ukoo mmoja na waliokuwa upande wa pili. Hao hawamo hata katika maandishi ya jumla.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni tume ileile kwa jina jipya, ilitoa ripoti ikikiri ubaguzi huo na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa nguzo za mti mgumu wa Kiafrika, kila nguzo ikiwa na jina la mtu mmoja. Dar es Salaam inastahili kitu cha namna hiyo, na nalisema hili bila kusita.

Taifa huru lilichukua njia nyingine. Wapiganaji waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na Naliendele mkoani Mtwara wamelala waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wazee waliopigana huweka shoka. Ni silaha za babu zetu, na ninapenda kwamba haliwekwi shada la maua peke yake.

Kwa majina ya 1914 hadi 1918, sehemu ya ushahidi iko majumbani. Kama kuna medali ya babu ndani ya kasha, igeuze uiangalie ukingoni: medali nyingi za Waingereza za vita ile ziligongwa namba na jina la mwenyewe. Piga picha ukingo huo wote, andika ulichosikia kwa wazee, upeleke makumbusho iliyo karibu nawe. Usiisugue kwa majivu, mchanga wala limau ili ing'ae. Herufi zile ni nyembamba, na zikifutika hazirudi.