"Gemu nzito" si gemu mbovu: ubishi ninaousikia kila siku Mwanjelwa

Jumamosi iliyopita niliusikia tena. Kijana mmoja wa chuo aliweka pedi mezani akaniambia, "Fundi, Tekken hii mapigano yake mabovu. Nzito, nabonyeza haisikii." Mwenzake aliyekuwa anacheza kwenye TV ya pili, mashine ya PS2 kama yake na diski ileile ya Tekken, gemu ya ngumi na mateke, akamjibu kuwa gemu ni safi, yeye ndiye hajui. Wakabishana mpaka muda wao ukaisha. Nina banda la gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na pedi na mashine natengeneza mwenyewe. Ubishi huu umenichosha, kwa hiyo nauandikia.

Dhana: Gemu ikiwa nzito, mapigano yake ni mabovu.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu neno "nzito" limebebeshwa mambo mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni kuchelewa: kidole kimeshabonyeza, mkono wa mpiganaji unaondoka baadaye. La pili ni uzito uliowekwa na watengenezaji kwa makusudi: ukishatupa upanga, huurudishi mpaka umalize safari yake. La kwanza ni kasoro, na mara nyingi kasoro hiyo iko kwenye TV yako. La pili ndio mchezo wenyewe.

Tuanze na kuchelewa. Mapigo ya Tekken hupimwa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu hukaa kama milisekunde 17. Ngumi za haraka hufika kwa kama fremu 10, sehemu moja ya sita ya sekunde. Pigo la fremu 20 huchukua milisekunde 333. Jicho kuona na kidole kujibu huhitaji takriban milisekunde 200 hadi 250, kwa hiyo pigo hilo mtu aliye makini analizuia. Sasa chukua TV bapa ambayo kabla ya kukuonyesha picha inaichakata kwanza, inaing'arisha, inalainisha mwendo wake. TV ikitumia milisekunde 100 kwa kazi hiyo, wewe umebakiwa na 233. Pigo lilelile sasa unalizuia kwa kubahatisha. Unalalamika kwamba umeonewa, na kweli umeonewa, ila gemu haihusiki.

Wale vijana wawili niliwabadilisha viti. Mlalamikaji alikuwa kwenye TV bapa, mwenzake kwenye TV ya chogo. Chogo halina mambo ya kuchakata: mawimbi yanavyoingia ndivyo mistari inavyochorwa kwenye kioo, papo hapo. Raundi ya tatu haikuisha, mlalamikaji akawa anazuia mateke ya chini aliyokuwa akiyala yote. Na yule aliyejisifu, kwenye TV bapa sasa, akageuka kuniuliza kama pedi yangu ni nzima.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hujaihukumu gemu shika rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu (Game Mode), zima kulainisha mwendo. Ukienda kununua TV ya kuchezea, usianze na inchi, anza na kuuliza inachelewa kiasi gani. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, pasha vidole. Mtu ameshuka kwenye bodaboda kutoka Uyole asubuhi, vidole vimekufa ganzi, anashika pedi hapo hapo halafu analaumu mapigano. Mimi huwa namwambia akae na chai ya moto mikononi kwanza.

Uzito wa makusudi ni habari nyingine kabisa. Dark Souls ya 2011 inataka ufikiri kabla ya kubonyeza. Ukiinua upanga mkubwa wakati adui naye ameinua wake, umekwisha. Kinyume chake, gemu za ukoo wa Devil May Cry zinakuruhusu kukatisha mapigo mengi katikati na kuunganisha mengine. Aliyekulia kwenye moja akihamia nyingine bila kubadili mkono, lazima aione mbovu. Nina mteja aliyezoea Dark Souls, akaenda Sekiro ya 2019, kazi ya FromSoftware walewale. Siku mbili anakimbia na kubiringika, anakufa, anatukana. Nikakaa pembeni yake, nikamkataza kurudi nyuma hata hatua moja: subiri upanga wa adui ufike, ndipo ugonge kitufe cha kuzuia. Kama nusu saa hivi ilipita kabla sijasikia ile milio ya chuma kwa chuma ikifuatana bila kukatika. Hakuitukana tena.

Dhana: Picha kali ndiyo mapigano makali. Hapana. Kinachokufanya uhisi ngumi imeingia ni gemu kusimama kwa fremu chache pigo linapogusa, pamoja na sauti. Street Fighter II, gemu ya ngumi ya 1991, ilikuwa na kusimama huko tayari. Zima sauti ucheze raundi mbili, utanielewa.

Dhana: Anayebonyeza ovyo akishinda, gemu ni ya kitoto. Kwenye Tekken vitufe vinne ni viungo vinne, mikono miwili na miguu miwili, kwa hiyo hata ukibonyeza ovyo kitu kinatoka. Ushindi huo unakoma siku unakutana na mtu anayejua kuzuia na kukurudishia.

Dhana: "Tekken haina ulinzi." Hii huletwa na waliotoka Mortal Kombat, ambako kuna kitufe cha kuzuia. Tekken unavuta nyuma. Mtu anatafuta kitufe ambacho hakipo, anapigwa, anatoka nje kuitangaza gemu kuwa mbovu. Niulizeni kabla dakika zenu hazijaanza kuhesabiwa. Kuonyeshwa ni bure.