Besi ya 1964: usisome jina, fungua skrubu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia karakana yangu hapa Majengo, Moshi, kabeba gitaa la besi ndani ya mfuko wa salfeti.

"Shikamoo fundi. Hii ni Fender ya 1964, kaniachia babu. Nataka kuiuza, watu wananipa laki nne."

Fender ni chapa ya gitaa za Kimarekani; laki nne unapata besi ya Kichina iliyotumika. "Marahaba. Kaa, tuifungue."

Jina la kichwani silitazami sana, stika zake zinauzwa mtandaoni. Bamba la nyuma, pale shingo inapofungwa kwa skrubu nne, lilikuwa na namba inayoanza na herufi L. Hizo zilitumika kuanzia mwishoni mwa 1962 hadi 1965. Ila bamba nalo hung'olewa likahamia gitaa jingine.

Nikalegeza nyuzi, nikatoa shingo. Kwenye kisigino chake kuna mhuri wa wino: mwezi na mwaka, 64. Nikafungua na kifuniko cha mbele. Mgongoni mwa voliumu pamegongwa 304-6418. Hiyo 304 ni alama ya Stackpole, kiwanda kilichotengeneza voliumu hiyo, 64 ni mwaka, 18 ni wiki. Maana yake gitaa haliwezi kuwa la kabla ya wiki hiyo. La baadaye linaweza, kwa sababu shehena ya vipuri hukaa stoo. Lakini shingo na voliumu zikisema neno moja, natulia. Na mwaka huo una pesa: Januari 1965 Leo Fender, mwenye chapa, aliiuzia CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kampuni yake kwa dola milioni 13, na wakusanyaji hulipia zaidi kilichotengenezwa kabla ya hapo.

Sasa ugonjwa. Nyuzi mbili zilikuwa hazilii. Pikapu (sisemi gari, ni kile kinachonasa sauti ya nyuzi) ya Precision, aina ya besi hii, tangu 1957 ni vipande viwili, kila kimoja kinasikiliza nyuzi mbili, na umeme unapita kimoja kwanza ndipo uingie cha pili. Kimoja kikikatika, gitaa zima linanyamaza. Kumbe kuna mtu alikiruka kile kibovu kwa kijiwaya. Mita ya ukinzani wa umeme ikasoma kilo-omu 5 upande huu, upande ule kimya. Kwa lenzi nikaona waya, mwembamba kama unywele, umeliwa na kutu ya kijani pale unapoingia kwenye kitobo cha shaba. Kusuka koili, ule msokoto wa waya wa pikapu, upya naweza, lakini koili ya asili ndiyo mali yenyewe. Nikautafuta mwisho wa waya kwa sindano karibu saa nzima, nikauungia kipande, nikachomelea. Kilo-omu 10 na ushei. Nyuzi zote nne zikanguruma.

Rangi ndiyo iliyonikata maini. Kuna fundi aliipaka nyeusi ya mafuta, ile ya mageti. Manjano yake ya zamani yamebaki chini ya kifuniko tu. Kwa hilo soko hukata karibu nusu ya bei. Nimemkataza kuikwangua.

Akipata mnunuzi wa nje, kuna karatasi pia. Ubao wa vidole kwenye Fender za miaka hiyo ni Dalbergia nigra ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu, na tangu 1992 haivuki mpaka kibiashara bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Tangazo tuliliandika pamoja. Akaniomba nifute maneno "imepakwa rangi upya". Nikamwambia, mwanangu, picha ya nne inaonyesha.

Akataka tuifute na picha ya nne.